Tuambieni Bei Kwanza

Mama mboga wa mtaani kwenu hawezi kukufungia sukuma, akakuacha ufike nayo nyumbani, uikate, uipike, halafu akupigie simu saa mbili usiku kukuambia unadaiwa ngapi. Hata konda mkorofi kabisa, yule wa jioni mvua ikinyesha, hutaja nauli kabla hujakanyaga ngazi: "Mia, mia, Rongai mia!" Unaweza kukasirika, unaweza kutembea, unaweza kungoja gari lingine. Lakini umejua.

Chuo kikuu Kenya kinauzwa kinyume. Unachagua kozi. Unapangiwa chuo. Kanisani wanakusimamisha wakupigie makofi, shangazi anachinja kuku, jina lako linapostiwa kwa grupu ya familia na maua kumi. Halafu, wiki chache kabla ya kuripoti, ndipo unaambiwa nyumbani kwenu watatoa pesa ngapi. Wakati huo kukataa ni aibu, kubadilisha ni vita, na kukubali ni deni.

Kuna mengi ya kusema kuhusu karo, mikopo na ubora wa masomo, na yamesemwa. Mimi nina neno moja tu hapa: mpangilio wenyewe umegeuzwa. Serikali inamtaka mtoto wa miaka kumi na minane achague maisha yake gizani, kisha inamwashia taa akishaweka sahihi. Na anayeumia gizani ni maskini, kwa sababu tajiri hahitaji kujua bei ndiyo achague.

Tuweke mambo wazi kwa ambaye hajapitia. Ukipata C+ kwenda juu kwenye KCSE, unaingia tovuti ya KUCCPS, shirika lililoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya ile JAB ya wazazi wetu. Pale unakutana na alama za klasta, zinazotokana na masomo manne na kiwango cha juu 48, na unapanga kozi zako kwa mapendeleo. Unalipa ada ya maombi. Unangoja. Wanakupangia. Mpaka hapo, swali pekee ambalo umeulizwa ni hili: una akili kiasi gani, na unataka kuwa nani?

Ndipo unapoanza safari ya pili, kwenye tovuti nyingine, ile ya ufadhili ya HEF, ambako unaomba skolashipu ya serikali na mkopo wa HELB kwa pamoja. Swali limebadilika: wewe ni maskini kiasi gani? Unajaza. Kipimo kinachoitwa MTI kinakusoma. Kisha unatupwa ndani ya bendi. Sisi tulizoea bendi za benga na za harusi. Hii haina gitaa.

Bendi ziko tano, kwa mujibu wa ngazi zilizotangazwa 2024. Bendi ya kwanza ni familia inayopata hadi shilingi 5,995 kwa mwezi: skolashipu asilimia 70, mkopo 25, nyumbani watoe 5. Ya pili ni hadi 23,670: skolashipu 60, mkopo 30, nyumbani 10. Ya tatu, hadi 70,000: 50, 30, 20. Ya nne, hadi 120,000: 40, 30, 30. Ya tano, zaidi ya hapo: 30, 30, 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi, wa chakula na nyumba, kuanzia 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza na kushuka elfu tano kila bendi hadi 40,000 kwa ya tano.

Ukiitazama kwa haraka, inapendeza. Maskini anapewa zaidi, tajiri anapewa kidogo. Nani atapinga?

Sasa toa simu, fungua kikokotoo. Tuchukue kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Namba hiyo nimeichagua mimi kwa sababu ni rahisi kugawa. Ziko kozi za chini ya hapo, na udaktari uko juu zaidi.

Familia ya bendi ya kwanza kabisa, inayopata 5,995 kwa mwezi, inapata kama 72,000 kwa mwaka mzima. Itatakiwa kutoa 15,000. Hiyo ni moja ya tano ya kila shilingi iliyoingia mlangoni, kabla ya unga, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya dawa ya nyanya. Na bado hatujataja nauli, godoro wala laptopu.

Ongeza shilingi moja. Familia inayopata 5,996 ni bendi ya pili. Inatoa asilimia kumi, yaani 30,000. Kwa nyumba yenye kama 72,000 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya asilimia 40 ya mapato yote. Shilingi moja, hata haitoshi kununua peremende, imezidisha mzigo mara mbili.

Nenda juu sasa. Familia inayopata 120,001 kwa mwezi iko bendi ya tano, ile ya "wanajiweza". Inatoa 120,000 kati ya mapato ya kama 1,440,000. Ni asilimia nane na kitu. Soma tena polepole: wa chini anatoa zaidi ya 40 kwa kila mia aliyonayo, wa juu anatoa nane. Hii ndiyo hesabu tunayoambiwa inamjali maskini.

Na deni? Bendi ya kwanza, kwa kozi ile ile, anakopeshwa 75,000 za karo na 60,000 za matumizi: 135,000 kwa mwaka, 540,000 kwa miaka minne. Bendi ya pili ni 90,000 na 55,000, ambayo kwa miaka minne ni 580,000. Bendi ya tano, akichukua kila kitu alichoruhusiwa, ni 520,000, na wengi wa bendi hiyo wana mzazi anayeweza kusema "achana na mkopo, nitalipa". Kwa hiyo siku ya kuhitimu, kwenye uwanja mmoja, kwa gauni lile lile, mtoto wa mwenye kibanda anaondoka na deni kubwa kuliko mtoto wa meneja. Kisha HELB inaongeza riba ya asilimia nne kwa mwaka, na ukichelewa kulipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi na jina lako kupelekwa CRB. Msee hajapata kazi, tayari ana faili.

Sijataja haya ili useme usiende chuo. Nenda. Nimeyataja kwa sababu hesabu hii ni ya darasa la sita, inafanyika kwa dakika tatu, na hakuna mtu aliyekaa na mwombaji kuifanya kabla hajachagua. Bei ya kozi unaweza kuitafuta ukaipata. Bei *yako* haipo popote, kwa sababu bendi yako bado haijazaliwa. Inazaliwa baadaye, ukishanaswa.

Nataka kuwa wa haki kwa upande ule mwingine, maana hoja yao si ya kipuuzi. Mfumo wa zamani haukuwa mbinguni. Serikali ilianza kukopesha wanafunzi 1974, ikaja ile kugawana gharama ya mapema miaka ya tisini iliyowatoa wanafunzi barabarani, ikaja HELB 1995. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka. Mtoto wa waziri alilipa 16,000. Mtoto wa mchoma mahindi alilipa 16,000. Huo nao ulikuwa ufadhili wa matajiri uliovaa nguo ya usawa. Halafu serikali ikasema itagharamia hadi asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, haikutimiza, na vyuo vikazama kwenye madeni ya mabilioni mpaka wahadhiri wakawa wanagoma kama msimu wa mvua. Kitu kilibidi kibadilike. Rais alipotangaza mfumo mpya Mei 2023, kwa waliofanya KCSE 2022, wazo la kumpa zaidi anayehitaji zaidi lilikuwa wazo zuri, na bado ni zuri.

Lakini wazo zuri likipitia mlango mbaya huingia limechafuka. Ukisema utampa kila mtu kulingana na hali yake, basi mambo mawili ni lazima: ujue hali yake kweli, na umwambie mapema. Haya mawili ndiyo yameanguka.

Anza na kujua. Keti kwa saiba yoyote ya Kayole, Githurai au Bombolulu msimu wa maombi. Utamwona kijana na bahasha ya kaki, ndani yake nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, na kama Mungu hakuwa mpole, cheti cha kifo. Fomu inauliza familia inapata ngapi. Baba ni fundi wa mjengo. Wiki hii ako site, wiki ijayo mwenye ploti ameishiwa simiti na kila mtu amerudi nyumbani. Mama anauza omena kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, ila kama mtoto mdogo ni mgonjwa hauzi. Kuna mjomba Saudia ambaye hutuma kitu akikumbuka. Sasa hiyo ni ngapi kwa mwezi? Mwezi upi? Kijana anatazama dari. Mtu wa saiba, ambaye ana foleni ya watu kumi na wawili na stima inayumba, anamwambia, "Weka tu kumi." Anaandika elfu kumi. Na kwa neno hilo la mtu aliyechoka, bendi imeanza kuumbika.

Mshahara ni kitu cha watu wenye payslipu. Nusu ya Nairobi haina mshahara, ina siku. Siku nzuri na siku mbaya. Umaskini wa mtaani hauketi kwenye namba moja ukipigwa picha ya pasipoti. Unatembea. Leo una 3,000 kwa M-Pesa, kesho una Fuliza.

Kisha wanauliza ulisoma wapi. Kuna watoto wa Mukuru waliosoma shule za kitaifa za bweni, ambazo karo yake rasmi ilikuwa 53,554 kwa mwaka, na mzazi hakutoa hata robo. Ilitoka kwa basari ya CDF, kwa kaunti, kwa padri, kwa mwalimu mkuu mwenye roho, kwa chama cha mama. Kwenye fomu jina la shule linang'aa. Jasho la watu kumi na watano lililomfikisha pale halina kisanduku chake. Mtoto aliyesaidiwa anaonekana kama mtoto aliyejisaidia, na msaada wa jana unaweza kumfungia msaada wa leo.

Barua ikirudi, inakuja na bendi. Haiji na sababu. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kujikuta kwenye bendi tofauti, mama akabaki anawaangalia kama anayejiuliza ni yupi kati yao alimzaa akiwa tajiri. Malalamiko ya aina hiyo yalijaa 2024, wanafunzi wakapanga kuingia barabarani, na serikali yenyewe ikakiri kulikuwa na watu waliowekwa pasipowafaa.

"Lakini kuna rufaa," watasema. Ndiyo, ipo. Rufaa ni nzuri kwa mtu mwenye muda. Ukijulishwa bendi yako wiki mbili au tatu kabla ya kuripoti, rufaa yako inatembea wakati wewe unahitajika kulipa, kupata chumba, kujiandikisha. Wazazi hawatasubiri tovuti. Wataanza na grupu la WhatsApp: "Familia na marafiki, mnaombwa kuchangia." Watauza mbuzi. Watakopa kwa shailoki. Rufaa ikifaulu mwezi wa kumi, mbuzi harudi.

Tuje kwa lile la pili, la kuambiwa mapema, ambalo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu ni rahisi kurekebisha na halirekebishwi.

Fikiria wasichana wawili wenye alama sawa, wote wanaweza kuingia udaktari. Wa kwanza ni wa Kilimani, babake ana biashara. Yeye anaandika udaktari kama chaguo la kwanza bila kupumua mara mbili, kwa sababu ikija asilimia 40 italipwa, ikija 30 italipwa. Wa pili ni wa Kibra. Amesikia udaktari ni mamia ya maelfu kwa mwaka. Hajui kwamba labda angepata bendi ya kwanza, na serikali imbebee sehemu kubwa. Hajui, na hakuna wa kumwambia. Mamake anamshika mkono: "Mwanangu, chukua kitu tutakiweza." Anaandika kozi ya bei nafuu. Hakuna mtu aliyemnyima udaktari. Hakuna barua ya kumkataa. Hakuna takwimu itakayomhesabu. Aliogopa kivuli cha bei ambayo pengine haikuwa yake, akajiondoa mwenyewe kwenye foleni.

Na yupo wa tatu, kinyume chake. Huyu alikuwa jasiri. Aliandika kozi ghali kwa imani kwamba atapata bendi ya chini, akapata ya nne. Familia ikatoa muhula wa kwanza kwa meno. Muhula wa pili jina lake halikuwa kwenye orodha ya mtihani. Ukiuliza yuko wapi, utaambiwa "alideferi". Wengi wanaoambiwa walideferi hawajarudi, wako kwenye boda na kwenye maduka ya kuuza kava za simu, na swali la kozi yako ukiwauliza, wanabadilisha mada.

Mmoja alichagua chini ya uwezo wake, mwingine juu ya mfuko wake. Ugonjwa ni mmoja. Wote walichagua bila kujua.

Sasa sikiliza sababu wanayotoa watetezi wa mpangilio huu: eti haiwezekani kukokotoa ufadhili kabla mwanafunzi hajapangiwa kozi, kwa sababu kila kozi ina gharama yake. Hoja hiyo ina shimo. Bendi inatokana na familia.  Mapato ya mama yako hayabadiliki kwa sababu umechagua sheria badala ya kilimo. Matokeo ya KCSE hutoka Januari. Kuripoti ni Agosti au Septemba. Hapo katikati kuna zaidi ya nusu mwaka, na watoto wako nyumbani wanaosha vyombo na kujifunza kudansi TikTok. Kinachozuia kuwapima Februari, kuwapa bendi Machi, kusikiliza rufaa Aprili, halafu kufungua KUCCPS kila mtu akijua asilimia yake ni nini hasa? Ukishajua asilimia, bei ya kozi yoyote ni hesabu ya kuzidisha. Tovuti ingeweza kuiandika yenyewe kando ya alama za klasta: kozi hii, kwako wewe, nyumbani 15,000, mkopo 75,000, deni siku ya kuhitimu kiasi hiki. Ni mstari mmoja. Tovuti zinazouza tiketi za konserti zinaweza.

Wengine watasema, kwani lazima digrii? Nenda TVET, ujifunze mkono. Nakubali kabisa kwamba fundi stima mzuri ana maana kuliko wengi wetu wenye vyeti ukutani. Lakini angalia ushauri huo hutolewa kwa nani. Sijasikia ukitolewa kwa mtoto wa katibu wa wizara. Wanafunzi 246,391 walipata C+ kwenda juu kwenye KCSE ya 2024. Walitimiza sharti ambalo nchi yenyewe iliweka. Anayetaka kwenda TVET aende kwa kuchagua, akijua bei za pande zote mbili. Akisukumwa huko na hofu ya bei asiyoijua, hajachagua.

Katiba yenyewe haiko upande wa giza hili. Kifungu cha 43 kinasema elimu ni haki. Cha 56 kinaidai serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache na waliotengwa fursa maalum za elimu. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukivisoma vitatu pamoja, utaona kwamba fursa ambayo mlengwa haijui haijamfikia. Skolashipu iliyofichwa hadi uamuzi upite ni kama mwavuli unaokabidhiwa ukiwa umeshafika nyumbani umelowa.

Kesi ilienda mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huu unakiuka katiba, kwa ubaguzi na kwa kutowashirikisha wananchi ipasavyo. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, bendi zikaendelea. Baadaye mwaka huo huo serikali ikatangaza kupunguza karo za vyuo vya umma. Punguzo si baya, na halikuja kwa huruma, lilikuja kwa kelele. Lakini bei ndogo inayotajwa mwishoni bado ni bei inayotajwa mwishoni. Mpangilio ulibaki pale pale: chagua, pangiwa, kisha ulie.

Kwa hiyo tudai nini? Tusidai "mageuzi", hilo neno limechoka. Tudai vitu unavyoweza kuvihesabu kwa vidole.

Bendi itangulie chaguo. Hilo ndilo la kwanza, na hata mengine yote yakishindikana, hili lisishindikane.

Bendi ije na sababu zake kwa lugha ambayo mama anaelewa, Kiswahili kikiwemo, kwa sababu ni yeye anayedaiwa.

Ngazi zisiwe ngazi za kuanguka. Shilingi moja isiweze kumuongezea mtu mzigo mara mbili. Mchango wa familia upande polepole kulingana na mapato, kama ushuru wa mshahara unavyopanda. Kama KRA inaweza kukokotoa hivyo kwa kuchukua, HELB inaweza kukokotoa hivyo kwa kutoa.

Kuwe na mtu. Mtu mwenye uso, kiti na meza, kwenye kila Huduma Centre, mwenye kazi ya kukaa na mwombaji na mzazi wake na kufanya ile hesabu ya dakika tatu kabla ya kubonyeza "tuma". Kazi hiyo leo inafanywa na vijana wa saiba kwa shilingi hamsini, na Mungu awabariki, lakini hakuna aliyewafunza.

Na ahadi iwe ya miaka yote. Asilimia uliyoahidiwa mwaka wa kwanza isibadilishwe mwaka wa tatu kwa sababu bajeti imekatwa. Huwezi kumbadilishia mtu nauli akiwa katikati ya Thika Road.

Kwa wewe unayejaza mwaka huu, wakati tunapiga kelele: usingoje tovuti ikufikirie. Kaa na wazazi, andika mapato ya miezi kumi na miwili iliyopita, mazuri na mabaya, gawanya kwa kumi na mbili. Hiyo ndiyo namba yako, usikubali ya saiba. Tafuta asilimia yako kwenye ngazi zile tano, zidisha kwa gharama ya kila kozi unayoitaka, hata ile unayoiogopa. Huenda ukakuta ile ya ndoto iko karibu kuliko ulivyodhani. Hifadhi barua ya basari yoyote uliyowahi kupewa, ili siku ya rufaa uonyeshe nani hasa alilipa karo yako. Piga picha kila ukurasa unaotuma. Na mtu akikuambia anamjua mtu HELB anayeweza kukushushia bendi kwa elfu tatu, mblok.

Hayo yote ni kazi ambayo serikali ilipaswa kukufanyia. Usiione aibu kuuliza. Uliza kwa simu, uliza kwa dawati, uliza kwa mbunge akija kwa harambee amevaa tabasamu, uliza chini ya kila posti ambayo wizara inajisifia idadi ya waliopangiwa vyuo. Swali ni moja, na mama mboga analijibu kila siku bila kamati wala kikosi kazi: kabla sijabeba, ni pesa ngapi?